Nyota Mkorofi Kikosini: Anza na Walio Benchi

Mazoezi yameanza saa kumi na moja jioni. Dakika arobaini baadaye nyota wako anaingia uwanjani, begi begani, simu mkononi, hasalimii mtu. Anapita katikati ya zoezi, anampokonya mpira kijana ambaye zamu ilikuwa yake, anarusha kutoka mbali na mpira unaingia bila kugusa chuma. Hapo, kocha, usimwangalie yeye. Mwangalie yule aliyenyang'anywa mpira. Akicheka na kudai arudishiwe, timu yako bado ni nzima. Akienda pembeni akainama kufunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, ujue ugonjwa umeshaingia, na haukuingia leo.

Nafundisha vijana mpira wa kikapu hapa Kamenu, Thika, kwenye uwanja wa saruji tunaouazima jioni, na hizo kamba za viatu nimeziona mara nyingi zaidi kuliko ngumi au matusi. Ninayoandika hapa yanamhusu kocha wa timu ya mtaa, na yanamhusu vilevile kocha wa klabu ya ligi kuu, kwa maana tabia ya nyota huumiza timu kwa njia ile ile Thika, Mombasa au San Francisco. Wachezaji humvumilia mwenzao mwenye hasira. Wasichoweza kukivumilia ni kuona kanuni zinazowabana wao zikimwachia mmoja apite.

Kwanza tenganisha mkali na mjeuri

Makocha wengi huwachanganya hawa wawili, na kosa hilo huwagharimu mchezaji mzuri. Mkali anakupigia kelele kwa sababu umechelewa kurudi kulinda, na yeye mwenyewe ameshafika chini ya kikapu. Mjeuri anakupigia kelele hiyo hiyo akiwa bado amesimama upande wa pili akilalamikia mwamuzi. Sauti ni moja. Angalia miguu yake ilipo.

Mwaka 1995, katika mazoezi ya kujiandaa kwa msimu, Michael Jordan wa Chicago Bulls alimpiga ngumi ya uso mwenzake Steve Kerr. Jordan alitolewa mazoezini, na siku hiyo hiyo akampigia Kerr simu kumwomba radhi. Bulls walishinda michezo 72 wakapoteza 10 msimu huo, wakatwaa ubingwa wa 1996. Mwaka uliofuata, kwenye mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Utah, Jordan aliyekuwa amezingirwa na walinzi alimpasia Kerr mpira, na Kerr akafunga kikapu kilichowapa kombe. Jordan alikuwa mtu mgumu kuishi naye, wenzake wamelieleza hilo miaka yote. Lakini aliyoyadai kwa wengine alijidai mwenyewe kwanza, na Kerr naye hakuinama siku ile, alijibu.

Sasa mtazame Kerr huyo huyo miaka 27 baada ya ngumi ile, akiwa kocha wa Golden State Warriors, mabingwa wa Juni 2022. Oktoba mwaka huo Draymond Green, roho ya ulinzi wa timu hiyo, alimpiga Jordan Poole mazoezini, na picha za video zikavuja zikaonekana dunia nzima. Klabu ilimtoza Green faini, akakaa pembeni siku chache, akarudi kabla msimu haujafunguliwa. Hakukosa mchezo wa ligi kwa adhabu hiyo. Msimu ule Warriors walishinda michezo 11 tu ugenini na kupoteza 30, wakatolewa na Lakers raundi ya pili. Poole akapelekwa Washington. Kerr mwenyewe alisema msimu ulipoisha kwamba imani ilipungua kikosini na kwamba tukio lile lilichangia.

Ngumi peke yake haikuwapotezea michezo 30. Walikuwa na majeruhi na mengine. Hata hivyo hesabu ya ugenini inanifundisha kitu. Nyumbani mashabiki wanaziba nyufa. Ugenini mnabaki wenyewe kwa wenyewe: basi moja, hoteli moja, chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Timu yenye donda hujulikana safarini. Kwetu safari ni ya matatu ya 237 hadi mjini Nairobi, kisha uwanja wa Nyayo. Tazama nani anakaa na nani, na nani ameachiwa kiti cha dirishani bila kukiomba. Ukiona wachezaji watatu wamevaa vipokea sauti vya masikioni tangu mnaondoka stejini Thika hadi mnapita Roysambu, na nyota anaongea peke yake kwa sauti na anayemjibu ni mmoja tu, umepata taarifa ambayo hakuna takwimu za mchezo zitakazokupa.

Ameshikwa na nini?

Kabla ya kuchukua hatua, jiulize ni kitu gani kinamshika kijana huyu kwenye timu yako. Hapa ndipo vitabu vya makocha wa Marekani havitusaidii sana, maana vinadhani kila mchezaji ana mkataba wa mamilioni. Hapa Kenya hali ni tofauti klabu kwa klabu. Ulinzi Warriors ni timu ya jeshi, na kocha wake hana haja ya kumweleza mwanajeshi maana ya saa. Kenya Ports Authority ya Mombasa na Equity Bank ni timu za waajiri; nyuma ya timu kuna kampuni yenye jina la kulinda. USIU na Strathmore, na hapa jirani Zetech iliyo Ruiru, ni vyuo. Mchezaji ni mwanafunzi, na pale ambapo karo yake inatokana na mchezo, karo hiyo ndiyo lijamu. Nairobi City Thunder, timu ya kwanza kutoka Kenya kufuzu Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, BAL, kwa msimu wa 2025, inaendeshwa kama klabu ya kulipwa, na hapo mkataba ndio unaozungumza.

Kamenu hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Nyota wa timu ya mtaa hana mshahara wala karatasi aliyotia sahihi. Nauli anachangiwa, viatu ni vya mtumba. Akikasirika leo, kesho anacheza Juja. Kocha analijua hilo, na woga huo ndio unaomfanya anyamaze kijana akichelewa. Wazee walishasema: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ila woga huo umepima upande mmoja tu wa mzani. Kijana wa miaka 19 mwenye kipaji anahitaji mahali pa kuonekana, na anahitaji mtu mzima wa kumsemea. Kocha wa chuo akikupigia simu kumuulizia mchezaji, akishajua urefu wake swali linalofuata ni tabia. Jibu lako kwa simu hiyo lina thamani kuliko faini yoyote. Mwambie kijana mapema, kwa upole, kwamba siku simu hiyo itakapokuja utasema kweli. Usimtishe nayo. Mwambie mara moja tu, halafu iache ifanye kazi yake.

Hesabu dakika 200

Mchezo wa kanuni za shirikisho la kimataifa, FIBA, una robo nne za dakika 10, na wachezaji watano uwanjani. Hiyo ni dakika 200 za kugawa kwa watu hadi 12. Nyota akicheza 36, zinabaki 164 kwa wengine 11. Ziandike. Nina daftari la kurasa 96 lenye mistari, na baada ya kila mchezo naandika dakika za kila mchezaji, kisha naibandika karatasi yake pale tunapoweka mabegi. Wachezaji wanaona. Kinachomtafuna aliye benchi, zaidi ya uchache wa dakika zake, ni kutojua zinagawanywa kwa kigezo gani.

Jambo la pili la kuhesabu ni sekunde. Timu ina sekunde 24 za kurusha. Mpe mtu simu arekodi robo moja kutoka jukwaani, kisha hesabu nyota anashika mpira sekunde ngapi katika kila shambulizi. Akiudunda kwa sekunde 14 huku wanne wamesimama wakimtazama, hao wanne watarudi kulinda kama watazamaji. Hilo sijaona likikosea. Mtu ambaye hajagusa mpira katika mashambulizi matano mfululizo hajitupi chini kuuokoa kwenye la sita. Usimhubirie nyota habari ya ushirikiano. Mketishe, mwonyeshe video, mwambie ahesabu mwenyewe kwa sauti.

La tatu ni makosa ya kiufundi. Moja linawapa wapinzani mtupo huru, mawili yanamtoa mchezaji uwanjani. Kanuni inamruhusu nahodha kuzungumza na mwamuzi, kwa adabu, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama. Itumie kanuni hiyo kama kinga: kwenye timu yetu anayezungumza na mwamuzi ni nahodha, basi. Nyota akiwa na lalamiko anamwambia nahodha. Kwa njia hiyo hujamnyima haki yake ya kulalamika, ila umeipitisha kwenye mdomo uliotulia. Na kwa sababu hiyo usikimbilie kumpa mkorofi huyo unahodha ukitumaini utamtuliza. Wapo ambao cheo huwakomaza, nakubali. Lakini wenzake huona jeuri ndiyo iliyolipwa.

Kikao cha watu wawili

Usimkaripie mbele ya wenzake siku ya kwanza. Mbele ya watu atatetea sura yake, na akishaitetea hawezi kurudi nyuma. Vilevile usimwite ofisini, kama unayo, kana kwamba ni kesi. Mfuate baada ya mazoezi mkiwa mnaokota mipira, au mtembee naye hadi barabarani. Mazungumzo ya bega kwa bega humrahisishia kijana kusema kweli kuliko ya uso kwa uso.

Anza na jambo moja uliloliona, lenye siku na saa: "Jumanne ulichelewa dakika arobaini. Jana dakika ishirini na tano." Halafu nyamaza. Ukianza na "wewe siku hizi una kiburi", umemtukana, na atajibu tusi. Mara nyingi, ukinyamaza vya kutosha, kitatoka kitu ambacho hukukijua. Zamu imebadilishwa kiwandani. Mama ni mgonjwa na yeye ndiye anayepika. Kuna mtu amemwahidi majaribio Nairobi na amekuwa akimzungusha. Haya hayafuti kosa, lakini yanabadilisha dawa. Aliyebadilishiwa zamu anahitaji kupangiwa saa upya, na zipangwe mbele ya timu ili kila mtu ajue ni mpango, si upendeleo.

Kutakuwa na wakati atakujibu: "Kocha, lakini mimi ndiye ninayewafungia." Usibishane naye, maana ni kweli. Mwambie: "Ndiyo, ndugu yangu. Na ndiyo maana ukichelewa wewe, wote wanachelewa." Kisha sema adhabu itakayofuata na ushike neno lako.

Adhabu yenyewe iwe ndogo, ije haraka, na iwe ile ile kwa kila mtu. Mimi sipendi faini za pesa katika timu ya mtaa. Nimeona shabiki akimtumia mchezaji hela ya faini kwa M-Pesa kabla hata mazoezi hayajaisha, na kijana akalipa akitabasamu. Pale faini imegeuka sifa. Sarafu pekee uliyo nayo ni dakika. Aliyechelewa mazoezi ya mwisho kabla ya mchezo haanzi. Anaingia robo ya pili. Itangaze kanuni hiyo mwanzoni mwa msimu, kabla hujajua itamwangukia nani. Na siku itakapomwangukia nyota kwenye mchezo mgumu, usiitafutie mlango wa uani. Macho ya wachezaji kumi na moja yanakutazama wewe siku hiyo, hayamtazami yeye.

Kile ambacho ni haki yake, mpe waziwazi

Kocha anayemwogopa nyota humnyamazia. Kocha anayemchukia humnyima. Wote wawili wanaharibu. Mchezaji bora ana haki zake, na ni vizuri timu izisikie kwa sauti ya kocha. Februari 2021 mjini Yaoundé, timu ya taifa ya Kenya ilikuwa nyuma ya Angola, mabingwa mara nyingi wa Afrika, saa ikielekea kuisha. Mpira wa mwisho ulikwenda kwa Tyler Ongwae, akarusha, ukaingia, 74 kwa 73. Kenya ikafuzu AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu ile ya 1993, na Liz Mills aliyekuwa ameshika timu muda mfupi tu akawa mwanamke wa kwanza kufundisha timu ya wanaume kwenye mashindano hayo, Kigali. Mrusho kama ule hauwezi kuamuliwa kwa kura sekunde nne kabla ya king'ora. Wanne wanaobaki wanapaswa kujua tangu mazoezini mpira utakwenda wapi, nani anaweka kizuizi, nani anakimbilia rebaundi.

Kwa hiyo sema mbele ya timu nzima: mpira wa mwisho ni wake. Halafu endelea: na hiki ndicho anachowadai ninyi, na hiki ndicho ninyi mnachomdai yeye. Nyota anayejua haki yake haina ubishi hupunguza kuipigania katika robo ya kwanza. Nimeona ukorofi mwingi ukiyeyuka hapo tu, kwa sababu haukuwa kiburi; ulikuwa wasiwasi wa kusahauliwa.

Nisieleweke vibaya: kutaka dakika zaidi si ukorofi. Jonathan Kuminga, kijana wa Goma aliyechaguliwa wa saba katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya Marekani, NBA, mwaka 2021 na Golden State Warriors hao hao, aliripotiwa Januari 2024 kuwa haridhiki na jinsi kocha Kerr anavyomtumia. Walikaa wakazungumza, na dakika zake zikapanda. Aprili 2025 alikaa benchi mchezo mzima wa mwisho wa msimu wa kawaida. Mazungumzo ya dakika hayamalizwi kwa kikao kimoja, hata kwa kocha mwenye vikombe. Yapangie ratiba: kila baada ya michezo mitatu, dakika tano na kila mchezaji, wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Ukianza na wa kumi na mbili ni bora zaidi. Yeye ndiye anayejua hali halisi ya benchi, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Walio nje ya mistari

Nyota ana watu wake. Kuna rafiki anayerekodi kila kikapu na kukipandisha mtandaoni, kuna mjomba anayeamini kijana anapoteza muda Thika, kuna mfadhili aliyenunua jezi na sasa anataka kupanga kikosi. Mfadhili mjibu kwa heshima na mapema: jezi tunashukuru, kikosi ni kazi ya benchi la ufundi. Mzazi mkaribishe mazoezini. Mama akimwona mwanawe akimdhalilisha mwenzake, kazi ya nusu msimu inaweza kufanyika njiani wakirudi nyumbani. Rafiki mwenye simu mpe kazi. Mwambie arekodi ulinzi pia.

Ikifika mwisho

Kuna wachezaji ambao umezungumza nao, umewapa haki yao, umewaadhibu kwa usawa, na bado kila wiki unapoteza mtu mmoja kimya kimya. Dalili ni hiyo: wanaoacha kuja bila kuaga. Wakifika wawili, nenda kwa nyota. Usimfukuze kwa ujumbe wa simu, na usingoje hadi agombane na mtu ili upate sababu. Kutana naye ukiwa na nahodha, mweleze kilichoonekana na tarehe zake, mwambie hatacheza hadi msimu uishe, na kama anataka kuhama, mwandikie barua yake ya kuruhusiwa siku hiyo hiyo. Kushikilia barua ya kijana ili kumkomoa ni unyama, na timu nyingine zitasikia. Akirudi mwakani akaomba nafasi, mpe nafasi ya kawaida: mwezi mmoja wa mazoezi kama mtu yeyote mgeni.

Waambie wachezaji waliobaki ukweli wa hesabu. Kama alikuwa anafunga pointi 22 kwa mchezo, hakuna mtu mmoja atakayezileta wiki ijayo. Gawanya mashambulizi yake kwa watatu, na mazoezi ya wiki hiyo yote yapeleke kwenye ulinzi na kurudi nyuma haraka, maana mchezo wa kwanza bila yeye mtaushinda, mkiushinda, kwa pointi chini ya sitini.